Mama Sanduku na Vidonge vya Mgongo

Katika kiwanda kile cha kufulia, mashuka ya mahoteli na ya hospitali yaliingia machafu kwa mlango wa nyuma na kutoka meupe kwa mlango wa mbele. Kati ya milango hiyo miwili palikuwa na wanawake ishirini na sita, joto la mvuke, na maumivu ya mgongo yasiyokwisha. Mmoja wa wanawake hao alikuwa mpiga pasi wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye mikono minene na kicheko cha kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Jina lake halisi lilikuwa kwenye karatasi za ofisini tu. Kwa kila mtu, kuanzia msimamizi hadi mlinzi wa getini, alikuwa Mama Sanduku.

Sanduku lenyewe lilikuwa la bati, jeupe, limetundikwa ukutani karibu na mashine za kukaushia. Miaka kumi na moja nyuma aliungua mkono kwa pasi, akalikimbilia, akakuta ndani mna mkasi wenye kutu na mende aliyekauka. Aliingia ofisini mkono umevimba, akaviweka vyote viwili juu ya meza ya msimamizi, akasema, "Bosi, chagua kimoja kinitibu." Wiki iliyofuata alipelekwa mafunzo ya siku tatu ya huduma ya kwanza, akarudi na cheti na ufunguo. Tangu hapo sanduku likawa lake.

Alijua kufunga jeraha. Alijua la kufanya mtu akiungua, au akizimia kwa joto. Lakini katika siku zile tatu hakuna aliyemfundisha habari za vidonge, na vidonge ndivyo vilivyoombwa kuliko kitu kingine chochote. Ofisi ilivileta kwa kopo kubwa la plastiki, vya rangi ya waridi, na wafanyakazi wakavibatiza "vidonge vya mgongo". Kichwa kikiuma, kidonge cha mgongo. Jino likisumbua, kidonge cha mgongo. Tumbo la mwezi, viwili. Mama Sanduku alivimimina kiganjani kama mtu anayegawa karanga, na neno la kusindikizia: "Haya, meza, ukaringe mbele ya mashine yako."

Basi alipokuja mkwe wake kuomba, hakufikiri mara mbili.

Mkwe huyo alikuwa mke wa mwanawe wa mwisho, binti wa miaka ishirini na minne, mtaratibu, asiyependa kusumbua watu. Mama Sanduku mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi kwenye meza za kukunjia. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na ilikuwa imeingia mwezi wa saba.

"Mama, mgongo leo umekataa kabisa."

"Umeanza lini?"

"Tangu juzi. Nikiinama kunyoosha shuka, nasikia kama mtu ananikandamiza kwa goti."

"Pole, mwanangu. Ndiyo mimba hiyo, inajitafutia nafasi. Meza hivi viwili, jioni utanieleza."

Jioni maumivu yalikuwa yametulia. Kesho yake yakarudi, na mkwe naye akarudi kwenye sanduku. Ikawa mazoea: kimoja asubuhi, kimoja mchana, siku sita za wiki. Siku ya saba, ya mapumziko, Mama Sanduku alimfungia viwili kwenye kipande cha karatasi ili asiteseke nyumbani. Mwezi mzima ukapita hivyo. Wenzake walimsifu: mkwe wa Mama Sanduku ana bahati, mamamkwe wa namna hiyo hapatikani hovyo. Mama Sanduku alizipokea sifa hizo kwa mikono miwili.

Siku ya kliniki ilipofika, mume alikuwa kazini, anapaka rangi jengo la ghorofa, kwa hiyo Mama Sanduku ndiye aliyemsindikiza. Muuguzi wa kliniki alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi shingoni. Alimlaza mkwe kitandani, akalipima tumbo kwa utepe. Akapima tena. Akavaa miwani, akapima mara ya tatu.

"Kwa tarehe zako mimba hii ina wiki thelathini," alisema. "Tumbo linaniambia maneno mengine. Nenda chumba cha altrasaundi, leo hii, usiende nyumbani kwanza."

Katika chumba hicho daktari kijana aliisukuma mashine yake juu ya tumbo, huku na kule. Kisha akaigeuza skrini kidogo.

"Mtoto anacheza na moyo wake unapiga vizuri. Ila maji yanayomzunguka yamepungua. Kuna maji yanayokuvuja?"

"Hapana, daktari."

"Unatumia dawa yoyote?"

"Hapana. Zile za kuongeza damu tu, mlizonipa hapa."

Daktari akaandika. Mama Sanduku alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mkoba wa mkwe wake mapajani, na kichwa chake kilikuwa kimeshaanza kutikisika kuunga mkono: hapana, hatumii dawa yoyote. Ndivyo alivyoamini. Dawa, kwake yeye, ni kitu unachoandikiwa na mtu mwenye koti jeupe. Halafu vidole vyake vikagusa, ndani ya mkoba ule, kile kikaratasi alichokikunja kwa mikono yake.

"Na vile vya kazini?" alimuuliza mkwe kwa sauti ya chini.

"Vile si dawa, mama. Ni vya mgongo tu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Vya mgongo vipi?"

Kikaratasi kikafunguliwa juu ya meza. Mama Sanduku alikuwa amelisoma lile kopo mara elfu bila kulitia maanani. Sasa akalitamka jina lililoandikwa: diklofenaki.

"Kwa muda gani?"

"Mwezi mmoja. Kila siku."

"Nani amekupa?"

Mkwe akageuza uso ukutani. Alikuwa tayari kulaumiwa yeye kuliko kumtaja mama wa mumewe mbele ya mgeni. Kimya kile ndicho kilichomchoma Mama Sanduku kuliko swali.

"Mimi," alisema, akasimama kabisa, kama mtoto aliyeitwa darasani. "Nilimpa mimi, kwa mkono wangu huu."

Daktari hakufoka. Pengine angefoka ingekuwa nafuu. Alieleza polepole, kama mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo mara nyingi. Diklofenaki, ibuprofeni na nyingine za ukoo huo, alisema, mimba ikishafika kama wiki ya ishirini, hazitumiki mpaka daktari aamue mwenyewe. Zinaweza kuzifanya figo za mtoto zipunguze kazi, na sehemu kubwa ya maji yale hutokana na mkojo wa mtoto. Mimba ikiwa kubwa zaidi, zinaweza hata kuanza kuufunga mapema mshipa wa damu ulio karibu na moyo wake, ambao unatakiwa ubaki wazi mpaka azaliwe.

"Na maji yakishapungua, yanarudi?" Mama Sanduku aliuliza.

"Mara nyingi yanarudi, dawa ikiachwa. Lakini siwezi kukuahidi, na sababu inaweza kuwa nyingine pia. Tunaacha vidonge leo. Mlete baada ya siku tano tupime tena. Mtoto akipunguza kucheza, usingoje siku tano."

Nyumbani, mwanawe alisikiliza habari yote akiwa amesimama uani, anajisugua rangi kwenye vidole kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Hakupaza sauti. Aliuliza jambo moja tu.

"Mama, si wewe ndiye unayejua mambo ya dawa?"

Alipita ndani, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akashika tama. Alitaka kulia, lakini akaona kilio kitamnufaisha yeye peke yake. Akapiga moyo konde. Kabla hajavua viatu alikuwa ameshakata shauri la kesho.

Kesho yake aliingia kwa msimamizi kabla kengele haijalia. Msimamizi alikuwa mwanaume mrefu, aliyependa mambo yakae kama yalivyo. Mama Sanduku aliliweka kopo mbele yake.

"Hili siligawi tena, bosi."

"Watu wakiumwa?"

"Wataenda kwa anayejua. Mimi sijui. Nilidhani najua."

"Umegawa miaka kumi na moja, mama, na hakuna aliyedhurika."

"Hujui hilo, bosi. Na mimi silijui. Hatukuwahi kumuuliza mtu."

Msimamizi akalisogeza kopo pembeni ya kalamu zake. Mama Sanduku hakumngoja apate la kusema. Mchana, wenzake wakiwa wanakula, alipanda juu ya kreti la sabuni akawasimulia yote: mwezi mzima wa vidonge, skrini ya daktari, kikaratasi. Hakujificha nyuma ya neno lolote. Mwisho akainua kidole.

"Mwenye mimba asiguse kidonge! Kidonge chochote, kiwe cha nini, kitoke wapi. Nisikie mtu amemeza!"

Wakamtazama midomo wazi. Mama Sanduku aliyewagawia kwa kiganja ndiye huyo sasa anayewakataza kwa kidole. Waliojaliwa mimba wakati ule walikuwa wawili, mkwe wake na mwendesha mashine mmoja aliyeitwa Bi Mrefu kwa sababu aliweza kufikia rafu ya juu bila ngazi. Bi Mrefu aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeweka kiapo.

Siku tano zikapita kwa kuburura miguu. Kila asubuhi Mama Sanduku alimuuliza mkwe wake kama mtoto amecheza, na kila asubuhi mkwe aliuchukua mkono wake, akauweka tumboni, asubiri mwenyewe. Siku ya tano daktari alipima, akaguna, akapima tena.

"Yameongezeka," alisema. "Bado si ya kutosha, lakini yameongezeka. Endeleeni hivyo hivyo, mje wiki ijayo."

Wiki iliyofuata yalikuwa yamefika kiwango cha kawaida. Mama Sanduku alitoka kwenye chumba kile akiwa mwepesi kama ametuliwa gunia kichwani, akajiambia mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha.

Jumatano moja Bi Mrefu hakuonekana kwenye mashine yake. Walimkuta nyuma ya rundo la mashuka, amejifunika mablanketi mawili ya wateja, anatetemeka katika joto lile la kumtoa mtu jasho akiwa amekaa. Mama Sanduku alimgusa paji la uso, akauondoa mkono haraka.

"Dada, unaungua! Umekwenda kliniki?"

"Nilikwenda juzi. Wamesema ni maambukizi ya njia ya mkojo."

"Hawakukupa dawa?"

"Wamenipa. Parasetamoli ya homa na nyingine ya kutibu maambukizi." Meno yalimgongana. "Ziko kwenye kabati langu. Sijagusa hata kimoja, mama. Wewe si ulisema chochote?"

Mama Sanduku alisimama pale kama aliyemwagiwa maji. Aliisikia sauti yake mwenyewe juu ya kreti la sabuni, kile kidole kimeinuliwa. Halafu akageuka akampigia kelele dereva wa gari la mashuka, ambaye alikuwa anapakia mzigo wa hoteli.

"Shusha hayo! Tunampeleka mtu!"

"Hoteli inangoja, Mama Sanduku."

"Hoteli italala kwenye magodoro. Shusha!"

Walifika kliniki na Bi Mrefu akaingizwa moja kwa moja. Muuguzi wa miwani alimpima joto, akamwangalia mgonjwa, akaziangalia dawa zisizofunguliwa, kisha akawageukia waliomleta.

"Nani amemwambia asimeze?"

"Mimi," alisema Mama Sanduku.

Muuguzi akavaa miwani. "Wewe tena?"

"Mimi tena."

"Sasa nisikilize. Homa kali peke yake inaweza kumdhuru mama na mtoto. Maambukizi yasiyotibiwa yanaweza kupanda hadi kwenye figo, yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Parasetamoli ndiyo tunayoanza nayo kwa wajawazito, kiasi kidogo kinachotosha, kwa siku chache zinazohitajika. Na hii nyingine tumeichagua tukijua ana mimba. Ulimwondolea mwenzako hatari moja, ukamtia kwenye nyingine."

"Basi nifundishe."

"Nina watu arobaini hapo nje."

"Nitasubiri."

Bi Mrefu alimeza dawa zake, akawekewa maji ya mshipa, akalazwa siku mbili ili aangaliwe. Muuguzi aliendelea kuita majina, mmoja baada ya mwingine, hadi benchi za nje zikabaki tupu saa kumi na nusu alasiri. Alipotoka na ufunguo mkononi, alimkuta mwanamke mfupi ameketi pale pale, mkoba magotini, mgongo umenyooka.

"Hukuondoka?"

"Nilisema nitasubiri."

Kwa mara ya kwanza yule mama mkavu alicheka. Akarudi ndani, akavuta viti viwili. Kwa Alhamisi tatu mfululizo, Mama Sanduku alitumia saa yake ya chakula cha mchana kwenye kiti kile, na daftari la mistari mipana kama la mtoto wa darasa la kwanza. Aliandika kwamba kabla ya kumpa mwanamke kitu chochote amwulize kwanza kama ana mimba au anahisi anayo, tena amwulize faraghani, si mbele ya foleni. Aliandika kwamba dawa nyingi za mafua zina vituliza maumivu ndani yake, kwa hiyo mtu anaweza kumeza parasetamoli mara mbili bila kujua. Kuhusu aspirini muuguzi alimwonya kwa ukali: wapo wajawazito ambao daktari huwaandikia aspirini ya kiasi kidogo kwa sababu maalumu, "na hao usiwatie hofu, umenielewa? Usije ukapanda tena juu ya kreti."

"Nimeelewa, dada."

"Na mwenye mimba kubwa akilalamika kichwa kinamuuma sana, macho yanaona vimulimuli, uso umevimba, hapo usitafute kidonge. Mlete hapa mbio tupime presha."

Alipokuwa anafunga daftari, Alhamisi ya tatu, muuguzi akamwuliza swali ambalo hakulitarajia.

"Hivi huyo mkwe wako, mgongo unamuuma kwa sababu gani?"

"Si mimba?"

"Mimba peke yake? Ulimwangalia akifanya kazi?"

Hakuwahi kumwangalia. Aliporudi kiwandani aliiacha pasi yake kwa dakika kumi, akasimama mbali, akatazama. Meza za kukunjia zilikuwa za zamani, zilizotengenezwa kwa ajili ya kufungia maboksi, zilifika mapajani. Kila shuka lilimtaka mkwe wake ainame mpaka kiunoni, aliburute, alinyooshe, ainuke, ainame tena. Katika dakika kumi aliinama mara thelathini na nane. Wakunjaji wote kumi na wawili walikuwa wameshika viuno.

Akaenda ofisini. Msimamizi alisema meza ni mali ya mwenye kiwanda. Akaenda tena kesho yake. Msimamizi alisema ataandika barua. Mama Sanduku alizijua barua za msimamizi. Akamtafuta fundi wa mashine, mzee mmoja mwenye madoa ya grisi hadi masikioni.

"Fundi, una mabaki ya mbao nene?"

"Ninayo. Za nini?"

"Jumamosi ukimaliza kazi usiondoke."

Jumamosi alasiri, mashine zikiwa zimenyamaza, fundi alikata mbao, wanawake wakainua, na meza zote sita zikapandishwa juu ya vipande vilivyopigiliwa barabara, mpaka zikafika kiunoni. Fundi alizitikisa moja moja kuhakikisha hazichezi. Kwenye meza ya mwisho wakaweka na kigoda, ili mwenye mimba apumzishe mguu mmoja kwa zamu au akae inapobidi.

Jumatatu msimamizi aliingia, akasimama mlangoni.

"Nani ameinua meza hizi?"

Wakunjaji walikunja mashuka kwa bidii ambayo haijapata kuonekana. Mama Sanduku akaiweka pasi yake wima.

"Mimi, bosi. Kama utazishusha, uzishushe mwenyewe, lakini kwanza kunja mashuka mia moja kwenye meza fupi moja iliyobaki stoo. Nitakungoja."

Msimamizi akaenda kwenye meza ya karibu. Akachukua shuka, akalikunja, mrefu vile vile alivyo, bila kuinama. Akachukua la pili. Kisha akarudi ofisini kwake. Jumatano fundi alionekana akipita na vipande vinne vya mbao kuelekea ofisini, na alipoulizwa vinakwenda wapi alicheka tu.

Mgongo wa mkwe haukupona kabisa. Tumbo lilikuwa linazidi kukua, na jioni alikuwa bado anakandwa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Lakini alifanya kazi kwenye kigoda chake hadi wiki ya thelathini na sita, na siku mbili tu katika muda wote huo alihitaji parasetamoli, akaimeza baada ya kumwuliza muuguzi. Bi Mrefu alikuwa amerudi kwenye mashine yake zamani, mzima, analalamikia watu waliomwekea nyuzi kwenye kichujio.

Uchungu wa mkwe ulianza asubuhi moja ya mwisho wa wiki ya thelathini na nane. Mama Sanduku alikaa kwenye benchi la nje ya wodi na mwanawe, bega kwa bega. Tangu ile siku ya mafuta ya taa walikuwa wanazungumza vizuri, lakini kwa adabu, kama majirani. Saa nane mchana muuguzi wa wodi alimwita baba wa mtoto. Akaingia, akakaa kidogo, akatoka macho yamemlowa.

"Ni msichana. Kilo mbili na gramu mia nane. Daktari amemkagua, moyo, figo, kila kitu, amesema hana neno." Akamshika mama yake mkono, akamwinua. "Ingia, mama. Mke mwenzio anakuuliza kama umekimbia."

"Nyamaza wewe!" alisema Mama Sanduku, na kicheko chake kikasikika hadi geti la hospitali.

Aliomba kiwandani likizo ya siku tatu ili amhudumie mzazi. Msimamizi akampa mbili. Akachukua nne.